Namna ya Kutambua Chanzo cha Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza Kufanya Vibaya

Kabla ya kumlaumu mtoto kwa uvivu, chukua daftari lake la Baiolojia, umwombe akueleze somo la juzi kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Akiweza kwa Kiswahili na kushindwa kwa Kiingereza, tatizo ni lugha, kwa kuwa shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, ilhali sekondari masomo karibu yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtafutie kamusi, mkae naye kila jioni asome kwa sauti, mapema kabla ya upimaji wa kidato cha pili. Akishindwa kote kuwili, uliza anatembea umbali gani na anakula nini mchana. Njaa, kwa maoni yangu, husahauliwa mno.