Kuku Mmoja, Rojo Nne: Namna ya Kubadilisha Chakula cha Jioni kwa Sosi za Nyumbani

Ninapika chakula cha kuagizwa hapa Dar es Salaam, na lalamiko ninalolisikia mara nyingi kuliko yote halihusu chumvi wala bei, bali ni lile la kuku kuwa yuleyule kila siku. Lina ukweli, kwa sababu kuku wa kisasa, anayechinjwa akiwa na umri wa wiki tano au sita tu, ana nyama laini isiyo na ladha nyingi, na mpishi akizoea kumkaanga au kumchoma kwa viungo vilevile, familia humchoka upesi. Wengi hujaribu kuliponya tatizo hilo kwa kuongeza viungo juu ya nyama yenyewe, au kwa kutumbukiza vile vijiwe vya ladha vya dukani, ambavyo hufanya kila chungu kinukie namna moja. Mimi nafanya kinyume chake: kuku ninampika kwa njia moja, nyepesi, kisha kazi yote ya kubadilisha ninaiachia rojo. Na rojo yangu huanzia katika supu ile aliyochemshiwa kuku, ambayo nyumba nyingi huinywa au kuimwaga kabla chakula hakijafika mezani.

Hatua ya kwanza: Mchemshe kuku na uitunze supu yake

Chukua kuku mmoja wa kilo moja na robo hivi, umkate vipande 8, umpange katika sufuria na kumtilia maji lita moja, ambayo yatatosha kumfunika kwa shida. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa, punje nne za kitunguu saumu na nusu ya kitunguu maji. Usitie binzari, nyanya wala pilipili kwa wakati huu, kwa kuwa supu hii itatumika katika rojo zenye tabia tofauti kabisa na haifai ielemee upande wowote. Ikianza kuchemka, engua povu lote linalopanda juu, kisha punguza moto mpaka maji yawe yanatokota polepole. Kuku wa kisasa ataiva kwa dakika 25, ilhali wa kienyeji huweza kudai saa moja na nusu na maji ya kuongeza. Mwenye kipimajoto cha jikoni ahakikishe kwamba nyama ya ndani ya paja imefikia nyuzi joto 74 Selsiasi. Asiye nacho atoboe paja karibu na mfupa, na ikiwa majimaji yanayotoka ni meupe yasiyo na wekundu, kuku ameiva.

Toa vipande, vikaushe kwa kitambaa safi, na uvipitishe juu ya mkaa au katika ovena ya nyuzi 220 kwa muda wa dakika 15 mpaka ngozi ipate rangi ya kahawia. Kukausha ni jambo dogo lenye matokeo makubwa, kwani ngozi yenye maji hutoa mvuke badala ya kuchomeka. Supu ichuje, utapata takriban vikombe vitatu. Isipotumika siku hiyo, ikae katika jokofu kwa siku tatu, au uigandishe katika vitrei vya barafu ili uweze kuchukua vipande viwili vitatu kila unapovihitaji.

Hatua ya pili: Rojo ya nazi ya kupaka

Hii ndiyo ninayoianza nayo, kwa sababu ndiyo niliyokulia nayo Tanga, na kwa sababu ndiyo inayowashinda watu wengi. Kuku wa kupaka anajulikana katika mwambao wote, Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, na kila nyumba ina mkono wake, lakini sharti la tui halibadiliki.

Zikune nazi mbili zilizokomaa. Machicha yatilie kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, yafikiche kwa mkono kwa dakika mbili, kisha yakamue kwa kifumbu au chujio. Hilo ndilo tui zito, liweke pembeni. Rudia kwa machicha yaleyale na kikombe kimoja na nusu cha supu ya kuku iliyopoa kiasi, badala ya maji, nawe utapata tui jepesi ambalo tayari lina ladha ya nyama.

Katika sufuria pana, kaanga kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo kwa vijiko viwili vya mafuta mpaka kilainike bila kuungua. Ongeza kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, kijiko kimoja cha chakula kwa jumla, kisha nyanya mbili zilizosagwa, nusu kijiko cha chai cha manjano na nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba, ile ambayo Wazanzibari huiita uzile. Endelea kukaanga mpaka uone mafuta yanajitenga kandokando ya nyanya. Kabla ya hapo nyanya bado ni mbichi na rojo itakuwa na ukakasi ambao hakuna kitu kitakachouficha. Mimina tui jepesi, tumbukiza pilipili mbuzi moja nzima pamoja na kikonyo chake, na uache ichemke bila mfuniko kwa dakika 10.

Sasa ndipo umakini unapohitajika. Punguza moto uwe mdogo, mimina tui zito, na usiondoke. Tui halikorogwi kwa kuzungusha mwiko upesi. Huchotwa kwa upawa na kumiminwa tena kutoka juu kidogo, taratibu, bila kukoma, mpaka lichemke mara moja tu, nawe ukiona viputo vidogo vinapanda katikati, umeshafika. Sababu yake ni kwamba mafuta ya nazi hushikiliwa ndani ya maji kwa msaada wa protini chache, na moto mkali huziharibu protini hizo, mafuta yakaachana na maji, na hilo ndilo tunaloliita tui kukatika. Ukali wa ndimu huzidisha hatari hiyo, ndiyo maana ndimu hukamuliwa baada ya sufuria kuepuliwa. Nilijifunza jambo hili siku ambayo nyumbani walikuja wageni wa posa ya ndugu yangu. Niligeuka kupokea simu, na niliporudi nilikuta mabonge meupe yakielea juu ya maji ya manjano. Niliiacha rojo ipoe, nikaisaga katika blenda mpaka ikarudi kuwa laini, na wageni walikula bila kusema neno, ingawa shangazi yangu aliionja mara moja tu akaniangalia.

Panga kuku aliyekwisha kuchomwa juu ya wavu, mpake rojo pande zote mbili, mrudishe motoni dakika tatu, kisha mpake tena. Matone yanayoangukia mkaa hutoa moshi wenye harufu ya nazi inayoungua, na moshi huo ni sehemu ya kiungo; kwa hiyo ukitumia ovena chakula kitakuwa kizuri, lakini hakitakuwa hicho. Rojo iliyobaki imwagie juu wakati wa kuandaa. Atakayetumia tui la kopo hatapata taabu kubwa, kwa kuwa mara nyingi limetiwa vitu vya kulishikamanisha, ila nalo lisichemshwe sana.

Hatua ya tatu: Rojo ya karanga

Kwa wanaopenda rojo nzito ya kulia ugali au ndizi, hii haina mshindani. Majirani zetu wa Uganda huiita binyebwa, nao huila zaidi na matoke.

Chagua karanga gramu 200, moja baada ya nyingine, na utupe zote zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Sisemi hivi kwa ajili ya usafi wa kawaida tu: karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu huweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Zikaange bila mafuta mpaka maganda yaanze kupasuka, zipepete, kisha zitwange au uzisage ziwe laini kama uji mzito. Unaweza kutumia siagi ya karanga ya dukani, mradi usome chupa na uhakikishe kwamba haina sukari.

Kosa linalorudiwa na wengi ni kumimina karanga kavu katika mchuzi unaochemka, zikagandamana na kuwa madonge. Zilegeze kwanza katika bakuli kwa supu ya kuku iliyopoa, kidogo kidogo, mpaka ziwe mfano wa maziwa mazito. Kaanga kitunguu na nyanya kama ulivyofanya kwenye rojo ya nazi, lakini bila manjano, kisha mimina mchanganyiko wa karanga na supu nyingine mpaka jumla ya supu iwe vikombe viwili. Moto uwe mdogo kabisa, na mwiko uwe unakwangua chini ya sufuria, maana rojo hii hushika chini ghafla na harufu yake ya kuungua husambaa kote. Baada ya dakika 20 hadi 25 utaona mafuta mekundu yakitokeza juu. Hiyo ndiyo ishara ya kuiva. Onja chumvi mwishoni, kwa kuwa supu ilikwisha kutiwa. Kabla ya kumwandalia mgeni, muulize kama ana mzio wa karanga, kwa kuwa baadhi ya watu hudhurika vibaya hata kwa kiasi kidogo.

Hatua ya nne: Sosi ya ukwaju

Hii ni kali, tamu na nyeusi, na inamfaa zaidi kuku wa mkaa anayeliwa na chipsi au mihogo ya kukaanga. Ukwaju wa Dodoma na mikoa mingine ya kati hufika masokoni kwa wingi. Chagua ulio laini unaonata, kwani uliokauka sana huhitaji kuloweka muda mrefu.

Loweka gramu 100 za ukwaju katika kikombe kimoja cha maji ya moto kwa dakika 20, ufikiche kwa vidole mpaka kokwa zibaki tupu, kisha uchuje. Weka maji yake mazito katika sufuria ya chuma cha pua au ya enameli pamoja na nusu kikombe cha supu ya kuku, sukari guru vijiko viwili vya chakula, nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, tangawizi kidogo na pilipili kiasi upendacho. Sufuria ya alumini isiyo na mipako haifai hapa, kwa kuwa ukali wa ukwaju huila na kuiachia sosi ladha ya madini. Chemsha kwa dakika 8 hadi 10, mpaka ukichovya kijiko na kupitisha kidole mgongoni mwake, mstari ubaki bila kujifunga. Ikipoa itazidi kuwa nzito, kwa hiyo epua mapema kuliko macho yanavyokuambia. Asiyependa sukari atumie tende sita zilizotolewa kokwa na kulowekwa pamoja na ukwaju. Binafsi naiona ya tende kuwa bora zaidi, ingawa rangi yake huwa na ukungu kidogo.

Hatua ya tano: Sosi ya mtindi isiyopikwa

Kwa jioni ya joto au kwa mtu aliyechelewa kurudi nyumbani, chuja vikombe viwili vya mtindi kwa kitambaa safi kwa saa moja, kisha uchanganye na punje moja tu ya kitunguu saumu iliyopondwa, majani ya giligilani yaliyokatwa, ndimu na chumvi. Haihitaji supu wala moto. Msimu wa maembe ukifika, kwaruza embe bichi moja na kulitia humo, upunguze ndimu.

Hatua ya sita: Kurekebisha na kuhifadhi

Rojo ikiwa nyepesi, iache ichemke bila mfuniko badala ya kuitia unga wa ngano, ambao huifanya itelezeke mdomoni. Kwa ya nazi, fanya hivyo kabla ya kutia tui zito, kwa sababu baada yake hutakuwa na nafasi tena. Ikizidi chumvi, kiazi kinachotumbukizwa hunyonya maji yenye chumvi kama yalivyo na hakipunguzi ukali wa kile kinachobaki. Kinachosaidia ni kuongeza tui, nyanya au maji yasiyo na chumvi.

Sosi ya ukwaju ikiwekwa katika chupa ya kioo iliyochemshwa hukaa katika jokofu kwa wiki mbili. Ya karanga huvumilia siku tatu, nayo ipashwe moto kwa kuongezwa supu kidogo. Ya nazi iliwe siku hiyohiyo au kesho yake, isiachwe mezani usiku kucha katika joto la pwani, na kuipasha kwake kuwe juu ya moto mdogo ule ule, kwa upawa ule ule.