Jinsi ya kuchora hema ya kukutania kwenye daftari la hesabu (na kuielewa)

Wengi wakifika Kutoka 25, pale Mungu anapompa Musa vipimo vya hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, wanaruka. Dhiraa, vitanzi, pete, mbao, unasoma mpaka usingizi unakuchukua. Mi nilikuwa hivyo hivyo mpaka siku nilipochukua daftari la viboksi nikaanza kuichora, ndo ikafunguka.

Kiboksi kimoja kihesabu dhiraa 5. Dhiraa ni kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama sentimita 45 hivi. Ua, yaani uwanja uliozungushiwa hema, ulikuwa dhiraa 100 kwa 50 kwa hiyo chora viboksi 20 kwa 10, upande mrefu ulale. Mlango uko mashariki, dhiraa 20, acha viboksi 4 katikati ya upande wa kulia, vitabaki 3 juu na 3 chini. Andika neno zima "mashariki", usiandike M tu maana magharibi nayo ni M, mi nilijichanganya hapo nikajenga hema nzima kinyumenyume.

Hema yenyewe ni viboksi 6 kwa 2, iweke nusu ya magharibi (Biblia haisemi ilikaa wapi hasa ndani ya ua, ila wengi huichora hapo). Toka mlangoni mwake (mashariki pia) hesabu viboksi 4, piga mstari, hilo ndo pazia. Mbele yake ni Patakatifu, nyuma yake vinabaki 2 kwa 2, Patakatifu pa Patakatifu, na kimo nacho ni dhiraa 10, yaani chumba cha mraba pande zote.

Sasa vyombo. Madhabahu ya shaba inajaza kiboksi kimoja kamili, iweke uani kabla ya hema. Kati yake na hema weka birika, vipimo vyake havikutajwa, ila Kutoka 38:8 inasema lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliokuwa wakihudumu mlangoni, kioo cha kujitazamia kikawa chombo cha kunawia makuhani, mi hapo huwa nasimama kidogo. Ndani: meza ya mikate kaskazini (juu), kinara cha taa saba kusini, madhabahu ya uvumba mbele ya pazia. Sanduku la agano nyuma ya pazia, urefu wake nusu kiboksi tu. Kumbe chombo kikubwa kuliko vyote ni kile cha damu na moto, na ndicho unachokutana nacho kwanza, huna njia ya kukizunguka kirahisi.

Ukimaliza chora mishale miwili. Wa kwanza utoke mlango wa ua uende ndani, hiyo ni njia ya mtu: sadaka, kunawa, taa na mkate, uvumba, pazia. Wa pili uanzie sandukuni utoke nje, kwa sababu Mungu alipompa Musa maelekezo alianza na sanduku (25:10), ua ukaja sura ya 27. Halafu fungua Yohana 1:14, pale "akakaa kwetu", neno la Kigiriki lililotumika ni la kupiga hema. Mshale wa pili huo, Mungu anatoka kuja kwa watu.

Kuhusu maana, anza na zile Agano Jipya lenyewe linazozitaja, Waebrania 9 na 10 zinatosha kwa wiki nzima. Wapo wanaotafuta fundisho kwenye kila kigingi na kila rangi ya uzi, mi siwafuati huko, ukienda hivyo unaweza kukifanya kigingi kiseme chochote unachotaka.

Kama unafundisha kikundi, pazia usilichore, kata kipande cha karatasi ukibandike kisimame pale kwenye mstari. Soma Walawi 16, kuhani mkuu anaingia siku moja tu kwa mwaka, tena kwa damu. Kisha soma Mathayo 27:51, Yesu anapokufa, na ukifika pale pazia linapasuka, lichane toka juu mpaka chini. Waambie tu kwamba lililopasuka siku ile lilikuwa la hekalu la Yerusalemu, sio hili la Musa, maana lazima kuna mmoja atauliza. Waebrania 10:20 isome baada ya hapo, wakiwa bado wanaangalia vile vipande.