Jinsi ya Kunufaika na Mafunzo ya Ndoa Kanisani

Wachumba wengi hapa Mombasa humwendea padri au mchungaji baada ya ukumbi kulipiwa na sare kushonwa, na hapo mafunzo ya ndoa hubaki kuwa karatasi ya kutiwa sahihi tu. Mimi na mwenzangu, tunaowafundisha wachumba kanisani kwetu, huwasihi waje angalau miezi sita kabla ya harusi, wakati bado wanaweza kuulizana lolote bila kuwahofia wageni walioalikwa.

Hakikisheni mapema kwamba kila mmoja wenu ametimiza miaka 18 na kwamba mfungishaji ndoa ana leseni, kama inavyotaka Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Kisha ulizeni ratiba ya mafunzo. Kijana wa bandarini anayeingia zamu ya usiku, au binti anayevuka feri ya Likoni kila siku kwenda kazini, huenda asiweze kufika kila Jumamosi asubuhi. Mwambieni kiongozi, mtafutiwe siku nyingine. Mmoja akihudhuria peke yake na kumsimulia mwenzake, yale maswali magumu hayajibiwi.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la fedha. Chukueni karatasi moja, mwandike pamoja mishahara, kodi ya nyumba, karo ya wadogo zenu, pesa za kuwatumia wazazi, michango ya chama, sadaka na madeni. Nimemwona kijana akishika kalamu kwa muda mrefu mbele ya mstari wa madeni, hatimaye akaandika mkopo wa simu ambao mchumba wake hakuujua. Binti alinyamaza, akaivuta ile karatasi, akaandika na wake chini yake. Siku ile hatukuendelea na somo, kwa maana kazi ya somo ilikuwa imekwisha kufanyika.

Baada ya harusi, msiyaache mliyoyaanza. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970 na ambazo husali nyumba kwa nyumba. Wanawake wa Kianglikana wana Umoja wa Akina Mama, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1876. Ingieni kundi ambalo watu wake watajua mkikosekana. Nyumbani, chagueni muda mnaouweza, hata dakika kumi kabla ya kulala: someni somo la Jumapili, kila mmoja aseme neno moja lililomgusa, kisha msali kwa sauti. Nawasihi msiigeuze sala kuwa mahali pa kumsema mwenzako mbele ya Mungu, kwani anayesemwa hivyo atakuwa na usingizi kila jioni.

Mkikwaruzana na mkashindwa kupatana, sheria hiyo hiyo inawaruhusu waliofunga ndoa ya Kikristo kutafuta usuluhishi katika kanisa walikofungia, ikiwa lina chombo cha kazi hiyo. Nendeni wawili, mapema, kabla ndugu wa pande zote hawajaingilia kati. Lakini mmoja anapompiga au kumtishia mwenzake, usuluhishi si mahali pa kuanzia: anayepigwa aondoke kwanza afike penye usalama, apige simu ya bure 1195, ya msaada kwa wanaodhulumiwa, au aende polisi, na mchungaji anayepokea habari hiyo amsindikize badala ya kumrudisha nyumbani akavumilie.