Somo: Ratiba ya kila siku ya mstaafu anayejifunza kompyuta mpya

Nilipostaafu niliamini kwamba kompyuta mpya niliyoinunua ningeizoea bila taabu, kwa kuwa siku nzima ilikuwa yangu. Haikuwa hivyo. Siku isiyo na mpangilio huliwa na mambo madogo madogo, na mimi nikawa najifunza kwa kushtukiza: leo saa tatu mfululizo hadi macho yanauma, kisha juma zima bila kuigusa. Nilianza kupiga hatua pale nilipoitengea kompyuta dakika 45 kila siku, wakati uleule, asubuhi kichwa kikiwa bado chepesi. Ratiba ninayoieleza hapa ndiyo niliyoifuata, na naamini itamfaa mstaafu yeyote anayeanza kabisa.

Hatua ya kwanza: Tayarisha mahali kabla ya kuwasha

Weka kompyuta mezani, skrini ikiwa mbali nawe kadiri ya mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu ulingane na macho au uwe chini yake kidogo. Dirisha liwe ubavuni mwako, ili mwanga usikupige usoni wala kung'aa kwenye kioo. Wanaovaa miwani yenye lenzi za sehemu mbili waishushe skrini zaidi ya hapo, kwa sababu wasipofanya hivyo watakuwa wakiinua kidevu kila mara ili wasome kupitia sehemu ya chini ya lenzi, na shingo itauma kabla ya somo kwisha. Kando ya kibodi weka daftari na kalamu.

Hatua ya pili: Rudia la jana kabla ya kugusa jipya

Dakika 10 za mwanzo ni za jambo ulilojifunza jana. Lifanye daftari likiwa limefungwa, na ulifungue tu unapokwama. Ninasisitiza kwamba maelezo ya daftarini uyaandike mwenyewe, kwa maneno yako, baada ya kulifanya jambo lenyewe kwa mkono wako. Ukurasa wangu wa kunakili (Ctrl ni kitufe cha kwenye kibodi, nacho hubanwa pamoja na herufi inayotajwa) unasema hivi: "Bana kitufe cha kushoto cha kipanya, pitisha mshale juu ya maneno mpaka yabadilike rangi, achia. Ctrl pamoja na C. Bofya unapotaka maneno yaende. Ctrl pamoja na V." Kitabu chochote kingenieleza hayo kwa ufupi zaidi, lakini neno "achia" niliongeza mimi, kwa kuwa hapo ndipo nilipokuwa nikikosea kila siku.

Hatua ya tatu: Zoeza mkono

Dakika tano zinatosha. Mchezo wa karata uitwao Solitaire, ambao uliingizwa katika Windows, programu kuu inayoendesha kompyuta nyingi, tangu toleo la 3.0 la mwaka 1990, ni zoezi zuri la kuburuta vitu kwa kipanya, na hakuna kinachoharibika ukikosea. Kwa upande wa kibodi, papasa herufi F na J, nawe utahisi kijinundu kidogo juu ya kila moja. Hapo ndipo vidole vya shahada vinapokaa, na ukivizoesha makao hayo hutalazimika kuinama kutafuta kila herufi.

Hatua ya nne: Jambo jipya moja tu, na la kwanza liwe kuhifadhi

Wengi huanza na intaneti. Mimi nashauri tofauti, na nina sababu. Katika mwezi wangu wa kwanza niliandika barua ya kurasa mbili kwa ndugu yangu, nikaitumia asubuhi tatu nzima. Nilipotaka kufunga, kompyuta ikaniuliza kama nihifadhi nilichoandika; sikuelewa swali, nikabofya jibu la kukataa, na barua ikapotea yote. Nilikaa nikiitazama skrini tupu, na kwa siku nne sikuiwasha tena.

Kwa hiyo, fungua ukurasa mpya, andika sentensi moja, kisha ubonyeze Ctrl pamoja na S kabla hujaandika ya pili. Kompyuta itauliza mambo mawili: faili liitwe nani, na likae wapi. Usiyapite haraka maswali hayo. Lipe faili jina linaloeleza kilichomo pamoja na tarehe, na uchague folda moja, yaani mahali pa kuwekea mafaili, ambayo utaitumia kwa kila kitu katika mwezi mzima wa kwanza. Kisha funga, nyanyuka, tembea kidogo, urudi ulitafute faili lako mwanzo hadi mwisho bila msaada. Zoezi hili la kuweka na kutafuta lirudie kwa juma zima. Anayejua kitu chake kiko wapi haogopi tena kuandika, wala haogopi kufunga.

Fundisha mkono pia Ctrl pamoja na Z, ambayo hutengua kitendo cha mwisho. Maneno yakifutika ghafla, ondoa mikono, pumua, kisha ujaribu hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya tano: Pumzisha macho, kisha uzime

Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Muda ukiisha, zima kompyuta kupitia menyu, si kwa kubana kitufe cha kuwashia, maana kukata umeme ghafla kunaweza kuharibu mafaili yaliyo wazi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mikono yangu inatetemeka, na kubofya mara mbili kunanishinda. Nifanye nini?

Jibu: Bofya mara moja ili kitu kichaguliwe, kisha ubonyeze kitufe cha Enter kwenye kibodi, kitafunguka vilevile. Unaweza pia kuingia kwenye mipangilio ya kipanya na kupunguza kasi inayotakiwa kati ya mbofyo na mbofyo.

Swali: Nywila yangu inakataliwa, ingawa nina hakika naiandika sawasawa.

Jibu: Tazama kama taa ya Caps Lock inawaka. Ikiwaka, herufi zako zote zinaingia kubwa, na kwa kompyuta hiyo ni nywila nyingine kabisa.

Swali: Shikamoo mzee. Baba yangu huniita kila anapokwama. Nimfanyie, au nimwache?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimwache, lakini usishike kipanya. Kaa kando yake, mwambie pa kubofya, umsubiri hata kama anachukua dakika mbili kuupata mshale. Ukimfanyia wewe, ataona kitu kikitokea upesi kwenye skrini, na kesho atakuita kwa jambo lilelile.

Swali: Skrini yangu ilijaa onyo kwamba kompyuta ina virusi, pamoja na namba ya simu ya kupiga. Niipige?

Jibu: Usiipige hata kidogo. Maonyo halisi ya Windows hayana namba ya simu, na wanaoweka namba hizo huwinda fedha na nywila za watu, hasa sisi wazee. Funga kivinjari, yaani programu unayofungulia kurasa za intaneti. Kikikataa kufungika, zima kompyuta, na utakapoiwasha usikubali kurudishwa kwenye ukurasa ule.