Bunduki ya kwanza ya kijana: pima mwili kabla ya kuuliza risasi

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Somo hili basi ni la wazazi wa Nairobi wanaowafundisha vijana shabaha uwanjani, au wanaojiandaa kuwinda kwa kibali nchi kama Namibia. Kabla ya kwenda dukani, pitieni Bodi ya Leseni za Silaha.

Hatua ya 1: Kitako, yaani sehemu ya nyuma ya bunduki inayokaa begani. Fungua boliti (komeo la bunduki), tazama chemba inamokaa risasi, ingiza kidole uhakikishe hamna risasi. Kijana akunje mkono nyuzi 90, kitako kiguse kiwiko kwa ndani. Pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ifikie kifyatulio bila kujivuta. Bunduki ya mtu mzima huwa na sentimita 34 hivi toka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Mtoto wa miaka 12 mara nyingi hutaka 30 hadi 32. Kikizidi urefu, anaegemea nyuma, kitako kinahama bega na kukaa kwenye msuli wa mkono, na hapo ndipo anapoumia. Tafadhali, msinunue kubwa kama sare ya shule eti atakua nayo. Viko vitako vyenye vipande vya kuongeza.

Hatua ya 2: Jicho. Anyooshe mikono, viganja viache kitundu, atazame kitu cha mbali kupitia hapo, kisha afumbe jicho mojamoja. Jicho linalobaki likikiona ndilo la kulengea. Likiwa la kushoto, alengee kushoto hata kama huandika kwa kulia.

Hatua ya 3: Risasi. Anzia .22 LR, risasi ndogo ya mazoezi; teke lake, yaani msukumo wa bunduki kurudi begani, halihisiki. Kwa swala, .243 Winchester inatosha, nayo hupiga teke kama nusu ya .30-06, risasi kubwa zaidi ya kuwindia. Bunduki nyepesi mno haimsaidii: uzito ukipungua, teke linazidi.

Swali: Mwalimu, wangu ana miaka 13, anafumba macho kabla ya kufyatua. Nimwekee mpira wa kitako?

Jibu: Weka, lakini mpime kwanza. Changanya risasi bandia na za kweli bila yeye kujua mpangilio. Ikifika bandia mtutu ukainama, woga umeshamwingia. Mrudishe kwenye .22, risasi chache kila siku ya mazoezi, na masikio yazibwe mara mbili: vizibo ndani, vifuniko juu. Mara nyingi kinachomtisha ni mlio.

Swali: Tulifupisha kitako, sasa darubini inamgonga.

Jibu: Kitako kikifupishwa, uso unasogea mbele, kwa hiyo darubini nayo isogezwe mbele. Nyingi hutaka sentimita 9 hivi toka jichoni. Bunduki ikiwa tupu, ailenge macho yakiwa yamefumbwa; akifumbua aone duara zima, lisilo na kivuli pembeni. Hapo ndipo ukaze skrubu.