Kupeleka mirathi kwa kadhi, Lamu na Malindi

Mamlaka ya kadhi katika pwani yetu yana mizizi ya kidiplomasia. Mkataba wa 1895 kati ya Sultani wa Zanzibar na Uingereza uliwabakisha makadhi katika ukanda wa pwani wa maili kumi. Oktoba 1963, mawaziri wakuu Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohamed Shamte wa Zanzibar wakaandikiana barua kuhakikisha mahakama za makadhi zitadumu. Leo zimo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010: kadhi huamua hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pande zote zikiwa za Waislamu na zimeridhia mamlaka yake. Kwa hiyo hakikisha kwanza warithi wote wameridhia. Pingamizi likija katikati ya kesi, mtakuwa mmepoteza muda na pesa.

Andaeni cheti cha kifo, vitambulisho, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, hatimiliki, taarifa za benki na barua ya chifu inayotaja warithi. Barua hii ndiyo huzua balaa. Watu huacha jina la mke wa pili, au binti aliyeolewa mbali, wakidhani hatauliza. Akijitokeza anaweza kuomba hukumu ibatilishwe, nayo mali huenda imeshauzwa. Waandikeni wote.

Kabla ya kugawa, toeni gharama za mazishi, kisha madeni, yakiwemo mahari ambayo mume hakumaliza kulipa, kisha wasia usiozidi thuluthi. Tuseme zimebaki shilingi 800,000, na marehemu ameacha mke, wana watatu wa kiume na binti mmoja, wazazi wake wameshatangulia. Mke hupata thumni, yaani moja ya nane: 100,000. Zilizobaki, 700,000, hugawanywa mafungu saba: kila mwana wa kiume 200,000, binti 100,000. Haki ya binti ni faradhi. Asishinikizwe "kuwaachia kaka zake".

Nyumba ya Mji wa Kale haikatwi vipande. Ithaminiwe, kisha mmoja awanunue wenziwe au iuzwe. Kama iliwekwa wakfu, haimo kabisa katika mirathi. Na jirani akidai shamba ni lake, hilo ni la Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mashahidi, wanawake kwa wanaume, husikizwa bila ubaguzi. Sheria ya mahakama za kadhi imesema hivyo waziwazi. Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30, ambako Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi na jaji kama washauri.