Kuandika wasifu wa mwanasoka mwanamke wa zama za mwanzo: kazi ya mfano, Michelle Akers

Mchezaji wa leo ana takwimu za kila pasi. Mwanamke aliyecheza miaka ya 1980 ana kipande cha gazeti, picha iliyofifia na watu wawili wanaobishana kuhusu mabao yake. Ndiyo maana wasifu wake hauanzi na sifa wala na jumla ya mabao. Unaanza na daftari la mechi, mstari mmoja kwa kila mechi, na jumla inakuja yenyewe mwishoni. Wengi hufanya kinyume: wananakili jumla kutoka mahali fulani, kisha wanatafuta mechi za kuipamba. Kosa moja la chanzo linageuka kuwa kosa la kila mtu.

Mfano wetu ni Michelle Akers wa Marekani, mshambuliaji aliyezaliwa tarehe 1 Februari 1966 huko Santa Clara, California, na kukulia jirani na Seattle. Anafaa kwa sababu habari zake nyingi zimeandikwa, na bado zina karibu kila mtego utakaokutana nao kwa mchezaji yeyote wa kizazi chake.

Daftari lenyewe

Fungua lahajedwali, au daftari la karatasi ukipenda, upige safu tisa: tarehe, mji, mpinzani, matokeo, dakika alizocheza, mabao, namna yalivyofungwa (mguu, kichwa, penati), aina ya mechi, na chanzo. Usiache hiyo ya mwisho hata ukiwa na haraka. Baada ya mistari hamsini hutakumbuka ipi uliitoa wapi, na siku ukigundua kuwa gazeti fulani lina kawaida ya kukosea tarehe, utataka kujua mistari yote uliyoichukua humo.

Kila mstari uwe na vyanzo viwili. Lakini angalia kama kimoja kimenakili kingine: vikikosea herufi ileile ya jina la mji, hivyo ni chanzo kimoja chenye nguo mbili.

Anza na mashindano makubwa, kwa kuwa ndiyo yaliyotunzwa vizuri. Kwa Akers, Kombe la Dunia la 1991 nchini China linakaa hivi. Novemba 17 dhidi ya Sweden, 3–2, hakufunga. Novemba 19 dhidi ya Brazil, 5–0, bao 1. Novemba 21 dhidi ya Japani, 3–0, mabao 2. Novemba 24, robo fainali dhidi ya Taipei ya China (yaani Taiwan), 7–0, mabao 5 peke yake. Novemba 27, nusu fainali dhidi ya Ujerumani, 5–2, hakufunga. Novemba 30, fainali dhidi ya Norway mjini Guangzhou, 2–1, mabao yote 2 ni yake. Jumlisha: 0, 1, 2, 5, 0, 2. Unapata 10, na ndiyo idadi iliyompa ufungaji bora wa mashindano yale. Jumla ya mistari ikilingana na jumla inayotangazwa, unaweza kusonga mbele. Isipolingana, usirekebishe kwa kubahatisha; rudi kwenye mstari mmoja mmoja.

Tazama pia kile ambacho jumla tupu ingekificha. Nusu ya mabao yale ni ya mechi moja. Na katika mechi mbili ngumu, Sweden na Ujerumani, ni wenzake waliobeba timu; Carin Jennings alifunga matatu dhidi ya Wajerumani. Mwandishi mwenye daftari atasema hivyo bila kumpunguzia Akers chochote, kwa sababu fainali inajitetea yenyewe.

Mitego ya 1991

Mechi za mashindano yale zilikuwa za dakika 80, yaani vipindi viwili vya dakika 40. Bao la ushindi la Akers katika fainali liliingia dakika ya 78. Asiyejua kanuni hiyo ataandika kwamba zilibaki dakika kumi na mbili. Kumbe zilibaki mbili. Hii ndiyo aina ya kosa linalobadilisha hadithi nzima, na huwezi kuliona kwa kutazama namba peke yake. Kabla ya kuandika dakika yoyote, tafuta kwanza mechi ilikuwa ya dakika ngapi.

Jina la mashindano nalo. Mwaka ule FIFA haikuyaita Kombe la Dunia; yaliitwa Mashindano ya Dunia ya Soka la Wanawake, ya kugombea Kombe la M&M's, kwa jina la peremende za mdhamini. Heshima ya kuwa Kombe la Dunia la kwanza yalipewa baadaye. Ukitafuta magazeti ya Novemba 1991 kwa jina la sasa, unaweza kudhani hakuna aliyeandika.

Halafu jina la mchezaji mwenyewe. Kwenye karatasi za mechi za 1991 hukuti Akers peke yake, unakuta Akers-Stahl, jina la ndoa. Kwa soka la wanawake huu ndio mtego mkubwa kuliko yote: mchezaji mmoja anaweza kuonekana kama watu wawili, na mabao yake yakagawanywa. Andika juu ya daftari majina yote aliyowahi kutumia, la kuzaliwa, la ndoa, la utani, na tahajia zake, kisha tafuta kwa kila moja. Kwetu tatizo ni la jina la utani zaidi. Mwanahamisi Omar wa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, ameandikwa mara nyingi kwa jina la Gaucho tu, na atakayetafuta jina moja bila lingine atakosa nusu ya habari.

Kusoma karatasi za Wamarekani

Hapa waandishi wa Kiswahili huteleza sana, kwa sababu tumezoea mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza.

Tarehe za Kimarekani hutanguliza mwezi. Fainali ya Olimpiki ya Atlanta imeandikwa 8/1/96. Ni tarehe 1 Agosti, wala si 8 Januari. Tarehe ikizidi 12 mtego unajifichua wenyewe, kama 8/21/85. Hatari iko kwenye siku 12 za kwanza za kila mwezi. Katika daftari lako andika jina la mwezi kwa herufi, basi.

Rekodi ya timu nayo hupangwa tofauti. Ziara ya kwanza kabisa ya timu ya taifa ya wanawake ya Marekani, Italia, Agosti 1985, imeandikwa 0-3-1. Msomaji wa Uingereza ataona sare tatu na kufungwa mara moja. Wamarekani huweka ushindi, kufungwa, kisha sare: hawakushinda, walifungwa mara tatu, wakatoka sare mara moja. Sare hiyo moja ndiyo muhimu kwetu. Ilikuwa 2–2 dhidi ya Denmark tarehe 21 Agosti, na humo Akers alifunga bao la kwanza katika historia ya timu hiyo. Mechi ya kwanza kabisa, waliyofungwa 1–0 na Italia siku tatu kabla, hakucheza kwa sababu ya jeraha. Kwa hiyo usiandike kwamba alikuwamo uwanjani tangu mechi ya kwanza. Alikuwa kikosini, uwanjani aliingia mechi ya pili.

Neno caps usilitafsiri kuwa kofia. Ni mechi za timu ya taifa. All-American nalo ni cheo cha wachezaji bora wa vyuo, halihusu uraia. Akers alikipata mara nne akiwa Chuo Kikuu cha Central Florida. Na pointi za mchezaji wa chuo huko huhesabiwa 2 kwa kila bao na 1 kwa kila pasi ya bao, kwa hiyo safu ya pointi haiwi safu ya mabao hata kidogo.

Namba mbili zinazogombana

Utakuta vyanzo vinavyompa Akers mabao 105 katika mechi 153, na vingine 107 katika mechi 155. Usichague ile kubwa kwa sababu inapendeza. Kwanza tazama tofauti: mechi mbili, mabao mawili. Maana yake ugomvi uko kwenye mechi chache sana, na unaweza kuzitafuta moja moja kwa kulinganisha orodha kamili za pande zote mbili. Mara nyingi swali katika mabishano ya namna hii ni kama mpinzani alikuwa timu kamili ya taifa au kikosi cha klabu, au kama mechi ilitambuliwa na chama baadaye. Pili, piga wastani: 105 kugawa kwa 153 ni 0.69, na 107 kugawa kwa 155 ni 0.69 vilevile. Kwa msomaji, uwezo wa mchezaji haubadiliki. Taja zote mbili kwa sentensi moja na uendelee. Aya tatu za mabishano zinachosha.

Wastani wenyewe uvunje kwa miaka. Mwaka 1991 peke yake alifunga mabao 39 katika mechi 26, sawasawa na 1.5 kwa mechi. Ukiweka 1.5 kando ya 0.69, swali linajileta lenyewe: nini kilitokea baadaye? Jibu haliko kwenye jedwali.

Pale jedwali linaponyamaza

Akers aligunduliwa kuwa na maradhi ya uchovu sugu mwaka 1994. Kombe la Dunia la 1995 nchini Sweden aliumia dakika ya 7 ya mechi ya kwanza dhidi ya China, akarudi nusu fainali ambayo Marekani ilifungwa 1–0 na Norway. Mabao yake katika mashindano yale: sifuri. Jedwali likisomwa bila maelezo linasema ameshuka kiwango.

Kisha akarudishwa nyuma kutoka ushambuliaji hadi kiungo mkabaji. Hapo mabao yanapungua kwa sababu ya kazi, na mwandishi asiyeweka safu ya nafasi uwanjani atamhukumu kiungo kwa mizani ya mshambuliaji. Ongeza basi safu ya kumi kwenye daftari: nafasi aliyocheza. Kwenye nusu fainali ya Olimpiki ya 1996 dhidi ya Norway alisawazisha kwa penati dakika ya 76, na Shannon MacMillan akamaliza kazi kwa bao la dhahabu, yaani bao linalomaliza mechi papo hapo, katika muda wa nyongeza. Fainali waliifunga China 2–1, ikiwa Olimpiki ya kwanza kuwa na soka la wanawake.

Unapoandika ugonjwa, tumia tarehe na matokeo yake uwanjani. Usimfanyie uchunguzi wa kitabibu, na usiandike kwamba alipona kwa sababu tu alirudi kucheza.

Fainali ya 1999 kule Rose Bowl, Pasadena, mbele ya watazamaji 90,185, inahitaji macho mawili. Ilikwisha 0–0, Marekani ikashinda kwa penati 5–4. Kumbukumbu za watu humweka Akers kati ya wapigaji. Hakupiga. Mwishoni mwa dakika 90 aligongana na kipa wake, Briana Scurry, akatolewa, na muda wa nyongeza ukachezwa bila yeye. Wapigaji watano walikuwa Overbeck, Fawcett, Chastain, Lilly na Hamm. Penati yake unayoweza kuiandika ni ya nusu fainali dhidi ya Brazil, iliyoisha 2–0. Ukiongeza bao moja dhidi ya Nigeria katika makundi, ana 2 kwa mwaka 1999, na 12 kwa mashindano matatu ya Kombe la Dunia.

Neno "wa kwanza"

Waandishi wa wasifu wa waanzilishi hulimwaga neno hili kama chumvi. Kila unapoliandika, jiulize: wa kwanza katika nini, na nani alimtangulia katika kitu kinachofanana? Akers ni wa kwanza kufunga bao la timu ya wanawake ya Marekani. Ni mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Hermann ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1988. Lakini bao la kwanza la Kombe la Dunia la Wanawake lilifungwa na Ma Li wa China dhidi ya Norway, siku moja kabla Wamarekani hawajaingia uwanjani. Na tuzo ya FIFA ya mchezaji bora mwanamke wa karne, iliyotolewa mwaka 2000, Akers aligawana na Sun Wen wa China. Kumwacha Sun Wen nje ya sentensi hiyo ni dhuluma, na imezoeleka mno.

Safu ya klabu

Itakuwa karibu tupu. Akers alicheza Sweden na Tyresö FF kwa vipindi katika miaka ya 1990, na nyumbani hakukuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake: WUSA ilianza 2001, naye alistaafu Agosti 2000, wiki chache kabla ya Olimpiki ya Sydney. Usijaze pengo hilo kwa majina ya timu za mtaani ili lionekane limejaa, wala usiliache bila neno. Sentensi moja inatosha kueleza kwa nini hakuna cha kuandika pale.

Aya ya kwanza ya wasifu iandike mwisho, daftari likiwa limekamilika. Kwa Akers inaweza kusomeka hivi:

"Michelle Akers (alizaliwa 1 Februari 1966) ni mwanasoka mstaafu wa Marekani aliyecheza kama mshambuliaji na baadaye kiungo mkabaji. Alifunga bao la kwanza la timu yake ya taifa mwaka 1985, akawa mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1991 kwa mabao 10, na kutwaa dhahabu ya Olimpiki 1996 na Kombe la Dunia kwa mara ya pili 1999. Vyanzo vinampa mabao 105 katika mechi 153, au 107 katika mechi 155."